Vijana, Jembe na Mavuno

Yafuatayo ni maneno yaliyosemwa na mhamasishaji wa Chama mbele ya wanachama, wazee na vijana wa Masaki, Wilaya ya Kisarawe.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana wenzangu mliosimama kule nyuma karibu na pikipiki zenu, kama kwamba mko tayari kuondoka hotuba ikirefuka: nawasalimu wote.

Nimeombwa niseme juu ya historia ya Jeshi la Kujenga Taifa na mafunzo ya kilimo kwa vijana wa nchi hii. Lakini sote tunajua kwa nini tumeitana leo. Liko shauri la kile kipande cha ardhi ya kijiji kule bondeni. Wapo wanaosema kikatwe viwanja, wauziwe watu wa Dar es Salaam wanaokuja na magari siku za Jumapili. Wapo wanaosema wapewe vijana walime. Na wapo wazee wanaouliza swali la haki kabisa: vijana gani hao? Hawa wanaochoma mkaa na kuendesha bodaboda? Wamelima lini hata wapewe shamba? Ndiyo maana nataka tutazame nyuma kwanza. Maana si mara ya kwanza vijana wa nchi hii kuambiwa "shikeni jembe", na zipo sababu kwa nini wengine walilishika na wengine wakalitupa.

Tuanzie hapa hapa Uzaramo. Mwaka 1902 serikali ya Wadachi ilianzisha mashamba ya pamoja ya pamba katika wilaya ya Dar es Salaam, na Uzaramo ikiwamo. Maakida na majumbe wakaamriwa kuwatoa watu kwenda kulima. Mzungu aliliita shamba lile shamba la watu wote. Lakini nani aliamua lilimwe nini? Si watu. Nani alipima mavuno? Si watu. Malipo yalipokuja yalikuwa madogo hata wengine wakakataa kuyapokea. Jumbe Kibasila wa Kisangire alipinga kilimo kile, na Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilipofika huku alikuwa upande wa wananchi. Wadachi walimnyonga. Leo jina lake liko kwenye shule ya sekondari kule Dar es Salaam, na pengine watoto wetu wanaosoma pale hawajui kwamba mzee yule alitoka huku kwetu, na kwamba ugomvi wake ulikuwa juu ya shamba.

Mwingereza naye alikuja na amri zake. Jirani zetu Waluguru wanakumbuka kilimo cha matuta, walicholazimishwa kuanzia mwaka 1950 mpaka walipochoka na kusimama kukataa mwaka 1955. Na tuwe wakweli. Matuta si kitu kibaya. Yanazuia udongo usichukuliwe na mvua. Bwana Shamba alikuwa anasema kweli, lakini alikuja na askari na faini, na kweli inayoletwa na askari haipokelewi kama kweli. Hilo liwekeni akilini, nitalirudia.

Basi tukapata Uhuru mwaka 1961. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa rasmi tarehe 10 Julai 1963, na wazo lake lilitoka kwa Umoja wa Vijana wa TANU. Nalitaja hili kwa fahari, kwa sababu halikuwa wazo la mtaalamu wa kigeni. Ni kweli kwamba waalimu wa kwanza wengine walitoka Israeli, nchi iliyokuwa na vikosi vya vijana waliolima huku wakilinda mipaka. Lakini dhamiri ilikuwa ya vijana wa TANU wenyewe, waliokuwa wamemaliza kazi ya kumwondoa mkoloni na sasa wanauliza: kazi yetu ni ipi?

Vijana wa kwanza walikuwa wa kujitolea, wake kwa waume. Wengi hawakujua kusoma. Makambini walifundishwa gwaride, siasa, kusoma na kuandika, na kilimo. Walilima, walifyeka, walijenga barabara. Mwaka uliofuata, 1964, jeshi la zamani lililoachwa na Mwingereza liliasi mwezi wa Januari na kuvunjwa. Jeshi jipya la wananchi lilipoundwa mwezi wa Septemba, wengi wa askari wake walitoka kwa vijana wa TANU na wa JKT. Hapo ndipo ilipoanza njia ya pili: kijana aliyekwenda kambini kujifunza kilimo aliona kwamba wenzake waliochukuliwa jeshini wamepata mshahara na sare. Mwaka 1975 JKT lenyewe likaunganishwa na Jeshi la Wananchi. Sisemi lilikuwa kosa. Nchi ilihitaji kulindwa. Nasema tu kwamba tangu siku zile kijana akiingia kambini jicho moja liko kwenye jembe, na lingine liko kwenye bunduki.

Hapa mbele ameketi mzee mmoja aliyekwenda kambi ya Ruvu, upande ule wa Kibaha, akiwa kijana. Sitamtaja jina, ameniomba nisimtaje. Juzi nilikwenda kwake tukazungumza mpaka giza. Akaniambia: "Mwanangu, nilitoka hapa najua muhogo wa kuchomeka tu popote panapopendeza. Ruvu ndipo nilipofundishwa kupanda kwa kamba, mstari kwa mstari. Niliporudi nikamfungia baba kamba shambani, akacheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza kama nampimia kaburi." Lakini msimu ule palizi ya shamba lile ilikwisha kwa nusu ya siku walizozoea, maana mtu akipita kati ya mistari na jembe hapotezi hatua. Baba akanyamaza. Msimu wa pili akaomba kamba.

Nikamuuliza: baada ya hapo? Akasema shamba lile lilikuwa la baba, na ndugu walikuwa saba. Yeye hakupata hata robo ya ekari ya kuita yake. Akaondoka kwenda Dar es Salaam, akalinda ghala la watu miaka 19. Miaka 19, ndugu zangu, mtu aliyefundishwa kulima kwa gharama ya taifa! Anasema kila msimu wa mvua akiwa pale getini alikuwa anaifikiria ile kamba.

Sasa nitasema jambo ambalo wanachama wengine hawapendi lisemwe katika mkutano wa Chama. Mimi naona Chama kisichoweza kusema makosa yake mbele ya watu wake hakiwezi kusema ya wengine.

Mwaka 1960, kabla JKT halijakuwapo, vijana wachache wa TANU waliingia porini mahali paitwapo Litowa, kule Songea, wakaanza kijiji chao. Hawakutumwa na serikali. Mwanzo walishindwa, chakula kiliwaishia, wengi wakatawanyika. Mwaka 1961 wakarudi tena. Safari ile walishika. Vijiji vingine vikawafuata, wakaunda Umoja wa Maendeleo wa Ruvuma. Walikuwa na kinu chao cha kusaga na mashine yao ya kupasua mbao. Walikuwa na shule pale Litowa, ambamo watoto walijifunza kusoma na kulima bila kutenganisha moja na lingine. Mambo ya kijiji yaliamuliwa na wanakijiji katika mkutano wao, na mavuno yaligawiwa na wao. Mwalimu Nyerere aliwatembelea na kuwasifu, na mwaka 1967 alipoandika juu ya ujamaa vijijini na juu ya elimu, watu wengi waliona mna harufu ya Litowa ndani yake.

Na mwezi wa Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikauvunja umoja ule. Mali zikachukuliwa. Yako mengi yaliyosemwa: kwamba walikuwa na kiburi, kwamba hawakuwasikiliza viongozi wa mkoa, kwamba walitaka Chama ndani ya Chama. Mimi nina miaka ishirini na kitu, sikuwapo. Lakini najua kupima jambo kwa matunda yake. Vijana waliolima bila kulazimishwa, waliojua hesabu ya kila gunia lao, walizuiwa. Miaka michache baadaye ikabidi watu wahamishwe vijijini kwa malori. Haya, hesabu hiyo fanyeni wenyewe.

Mwaka 1966 nako kulikuwa na shauri jingine. Serikali iliamua kwamba wasomi wa vyuo nao sharti waende JKT. Wangekaa kambini miezi, kisha wafanye kazi kwa muda wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara wao. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wakaandamana mpaka Ikulu kupinga. Mwalimu akakasirika sana. Wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao, naye akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hadithi hii huelezwa siku zote kama hadithi ya wasomi wenye tamaa, na tamaa ilikuwapo, haina ubishi. Ila mimi huuliza, shambani walikuwa wanakwenda kujifunza, au kuadhibiwa kwa kusoma? Wapo waliokwenda wakarudi wanaheshimu jasho la mkulima. Wapo waliohesabu siku tu, wakarudi wamejifunza kulichukia jembe kwa nidhamu kamili.

Miezi mitano baadaye, Machi 1967, Mwalimu akatoa Elimu ya Kujitegemea. Nilipokuwa chuo cha ualimu tuliisoma kama watu wanavyosoma msahafu, kwa kukariri. Nilipopelekwa mazoezi ya kufundisha, katika shule ambayo haina haja kutajwa, nikakuta shamba la shule. Mtoto akichelewa, shambani. Akipiga kelele, shambani. Muhogo ulipokomaa, watoto hawakujua ulikokwenda. Nikafungua kitabu nikasoma upya, safari hii si kwa mtihani. Mwalimu hakuagiza hivyo. Alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga kazi ya shamba, waweke hesabu, waamue pamoja ziada itumike vipi, na waone kwamba wakifanya vizuri wanapata na wakizembea wanakosa. Kwamba wasiwe vibarua. Tulichukua jembe lake tukaliacha daftari lake. Ndugu waalimu mlioko hapa msinikasirikie, mimi pia ni mwalimu.

Huku kwetu Pwani tulibahatika zaidi ya wengi. Pale Kibaha, kwa mapatano ya serikali yetu na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, kilijengwa kituo chenye shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima. Januari 1970 kikakabidhiwa kwetu, kikawa Shirika la Elimu Kibaha. Chuo kile cha wakulima kiliwachukua watu wazima kwa mafunzo mafupi, kisha wakarudi kwenye mashamba yao wenyewe. Tazameni tofauti hiyo. Mkulima aliyetoka Kibaha alikuwa na pa kurudi. Kijana aliyetoka kambini mara nyingi alikuwa na nauli na cheti.

Yaliyofuata nitayapitia upesi. Mwaka 1981 JKT likawa na shirika lake la uzalishaji, SUMA. Mwaka 1994 mafunzo yakasimamishwa kwa kukosa fedha. Vijana wa kujitolea wakarudi makambini mwaka 2001, na wale wa mujibu wa sheria, wanaomaliza kidato cha sita, wakarudi mwaka 2013. Mwezi wa Aprili 2021 vijana 854 waliondolewa JKT baada ya kugoma na kutaka kuandamana. Walikuwa wanadai nini? Ajira jeshini. Sikusikia hata mmoja aliyedai shamba. Na tusiwacheke. Kama angalau mmoja angalidai shamba, tungalimpa lipi?

Mwaka 2023 serikali ilianzisha mpango wa Jenga Kesho Iliyo Bora, ambao wengi wenu mnauita BBT. Vijana wanafundishwa kisha wanapewa eneo katika mashamba makubwa yaliyoandaliwa, kama yale ya Dodoma. Hapa naona somo la zamani limeanza kuingia: mafunzo na ardhi vinakwenda pamoja. Lakini Dodoma ni mbali na Masaki, na si kila kijana atachaguliwa. Ndiyo maana nakuja kwenye bonde letu.

Kabla ya bonde, niwachukue mbali kidogo, Marekani. Mwaka 1902, mwaka ule ule Wadachi wanatulazimisha pamba, mwalimu mmoja wa jimbo la Ohio, A. B. Graham, aliwakusanya watoto wa wakulima akaanzisha chama cha kujaribu mbegu za mahindi na kupima udongo. Chama kile na vingine vya namna hiyo ndivyo vilivyokuja kuitwa 4-H: kichwa, moyo, mikono na afya, maneno manne yanayoanza kwa herufi moja katika lugha yao. Wakulima wazee wa kule walikuwa hawataki kusikia habari za mbegu za chuoni. Walipoona mahindi ya watoto yamezidi ya kwao, wakaanza kuuliza. Jirani zetu Kenya wakachukua mfano huo mwaka 1962 wakaita 4-K, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, wakaipeleka katika shule za msingi. Baadaye ikafifia, na mwaka 2021 wakaifufua. Katika vyama hivi lipo jambo dogo ninalolipenda kuliko yote: kila mtoto ana mradi wake na daftari lake. Ameandika mwenyewe alichotia na alichotoa. Akidanganya, anajidanganya.

Sasa bonde.

Wazee wangu, naijua hofu yenu ya ardhi, na ni hofu ya watu waliokwisha kuungua. Mwaka 2009 wilaya hii yetu ilitoa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11 kwa kampuni moja ya kigeni kwa miaka 99, ilime mbono wa kutoa mafuta ya magari. Watu waliahidiwa kazi, visima, zahanati. Mwaka 2011 kampuni ikafunga kazi. Vibarua wakarudi nyumbani, na ardhi haikurudi nao. Basi mtu akisema tena "ardhi ya maendeleo", mzee ana haki ya kukunja uso.

Lakini kiwanja kinachouzwa kwa mtu wa mjini nacho hakirudi. Fedha zake zitaezeka ofisi, vizuri, na mwaka wa pili tutakuwa na ofisi yenye bati jipya na kijana asiye na pa kuchomeka hata mche wa mwembe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na kuigawa kunahitaji idhini ya mkutano wa kijiji. Mkutano huo ndio ninyi. Hakuna akida tena.

Pendekezo langu, lililozungumzwa na vijana wenyewe kwa jioni tatu, ni hili. Kipande kile kibaki mali ya kijiji, kisiuzwe. Vijana watakaojiandikisha, wasichana sawa na wavulana, wapewe kukitumia kwa misimu mitatu. Sehemu iwe ya pamoja, na sehemu ikatwe vipande, kila mmoja na chake. Mavuno ya kipande ni ya mwenye kipande. Mavuno ya pamoja yaamuliwe na kikundi chenyewe, na daftari lisomwe hadharani mbele ya mkutano wa kijiji kila baada ya mavuno. Asiyelima aondolewe na wenzake, si na mimi wala si na Chama. Misimu mitatu ikipita, kijiji kitazame daftari, kiamue upya.

Na tuanze na muhogo. Najua vijana wanataka matikiti maji, wameona mtu mmoja amenunua pikipiki kwa matikiti. Lakini hawajaulizwa wangapi wamelia. Muhogo wa Pwani unao ugonjwa wa michirizi ya kahawia: majani unaweza usiyatilie shaka, shina limesimama, ukichimba na kukata unakuta ndani umeoza. Mama zangu mnalijua hilo zaidi yangu, mmemenya mingi na kuitupa. Huu si uchawi wala si udongo kuchoka. Unaenezwa na nzi weupe, na unaenezwa na sisi wenyewe kwa kuchukua mbegu ya shamba linaloumwa na kumpa jirani kwa wema. Zipo mbegu zinazostahimili, kama Kiroba, na pale Kibaha kipo kituo cha utafiti wa kilimo kinachoshughulika na muhogo. Shamba la vijana liwe kwanza shamba la mbegu safi. Mwaka wa pili atakayetaka vipando atavinunua hapa Masaki, kutoka kwa mtoto wake. Katikati tupande mikorosho, ambayo itahitaji miaka mitatu ndipo ianze kuzaa, ili mtu asiseme ana haraka ya kuondoka.

Kuna aliyeniuliza jana: je, vijana wakishindwa? Huenda. Wale wa Litowa walishindwa mwaka wa kwanza. Naomba tu wakishindwa, washindwe kwa shamba lao, wajue na sababu.

Bwana Shamba wa kata amekubali kuja, bila askari. Yule mzee wa Ruvu amekubali kuja na kamba yake. Daftari la kujiandikisha liko kwa Katibu wa tawi, limekwisha kuwa na majina, na baadhi yake ni ya wasichana waliotangulia kufika kabla ya kaka zao. Jumamosi saa moja asubuhi tunakwenda kupima mipaka ya bonde. Si kulima, kupima tu, ili mkutano wa kijiji ukikaa ujue unasema juu ya nini. Wenye pikipiki tafadhali wabebeni wazee, na msiwatoze nauli.

Nimemaliza, Ndugu Mwenyekiti. Mzee wangu yule wa chini ya mkorosho amenyoosha mkono tangu nilipotaja viwanja, na uso wake hauonyeshi kuwa amekubaliana nami. Naomba apewe nafasi.